Sura ya Sita: Donge Moja, Mistari Mia

"Alibadilisha uzi mara ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu anayeishika skafu ya mistari iliyofumwa kwa mkono. Ataigeuza upande wa nyuma kutafuta ncha za uzi, atapitisha kidole pembeni akitafuta mafundo, na hatayaona. Nyekundu inaisha, buluu inaanza, manjano inafuata, kisha nyekundu inarudi, na kote huko uzi ni uleule, haukukatwa. Mfumaji hakubadilisha hata mara moja. Rangi zilikuwa zimeshapangwa ndani ya uzi kabla haujafika mkononi mwake.

Swali la pili huja baadaye, kutoka kwa aliyekwisha kununua uzi wa namna hiyo, na huulizwa kwa uchungu kidogo: mbona yangu haikutoka kama picha ya kwenye lebo? Pichani kulikuwa na mistari minene iliyonyooka. Skafu yake imetoka na vijistari vyembamba, au mabaka, au mistari mikubwa kuliko alivyotaka.

Sura hii inajibu maswali yote mawili. Nitakaa zaidi kwenye la pili, kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo, ilhali jibu lake ni hesabu ya darasa la tano.

Uzi wa soksi ni uzi gani?

Uzi huu wenye mistari ndani yake ulitengenezwa kwa ajili ya soksi, na huko ndiko tabia zake zote zinakotoka.

Soksi huteswa. Hukanyagwa, husuguliwa na kiatu, hulowa jasho, hufuliwa mara kwa mara. Sufu tupu, yaani uzi wa manyoya ya kondoo peke yake, hutoboka mapema kisiginoni. Kwa hiyo uzi wa soksi huchanganywa: mara nyingi sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Sufu inaleta joto na mnyumbuko, nailoni inaleta uimara.

Sufu yenyewe nayo hutibiwa kiwandani. Kila unyoya wa kondoo una magamba madogo sana. Ukiutia kwenye maji ya moto na kuusugua, magamba hushikana, na kitambaa husinyaa kikawa kinene na kigumu. Matibabu ya kiwandani huyalainisha magamba hayo na kuyafunika, ndiyo maana lebo nyingi za uzi wa soksi huruhusu kufua kwa mashine.

Donge la kawaida lina gramu 100, na ndani yake mna mita 420 hivi za uzi. Uzi wa Opal, unaotengenezwa Hechingen kusini mwa Ujerumani, uko hapo. Uzi wa Regia uko hapo. Zauberball wa kiwanda cha Schoppel, huko Wallhausen, uko hapo pia. Wajerumani wana mazoea marefu ya kufuma soksi nyumbani, na vipimo vya viwanda vyao vimekuwa kama kanuni kwa wafumaji wa nchi nyingine. Shika namba hiyo ya mita 420, kwa sababu tutaitumia hadi mwisho wa sura.

Uzi ni mwembamba. Soksi hufumwa kwa sindano za milimita 2 hadi 3. Aliyejifunza kufuma shuleni kwa spoku za baiskeli hatauona unene huo kuwa mgeni, maana spoku ya kawaida ina milimita 2. Kwa skafu, hata hivyo, sindano hizo zitakupa kitambaa kilichokaza mno kwa shingo. Tutapanda hadi milimita 3.5.

Rangi huingiaje kwenye uzi?

Uzi wa rangi nyingi uko wa namna tatu, na anayeuchanganya hununua kitu asichokitaka.

Kuna uzi wa madoa. Humo kila rangi ina urefu wa sentimita chache tu, labda 10 au 30. Ukiufuma, rangi hutawanyika ovyo au hukusanyika kwenye mabaka. Hautoi mistari hata ukiubembeleza.

Kuna uzi wa rangi zinazofifia polepole, ambao nyekundu yake hugeuka taratibu kuwa zambarau na zambarau kuwa buluu, bila mpaka unaoonekana. Zauberball ni wa aina hii. Ni uzi mzuri sana, lakini mistari yake ni mipana na laini, haina ukingo mkali.

Na kuna uzi wa mistari wenyewe. Humo rangi moja huenda mita kadhaa bila kubadilika, kisha inakatika ghafla na kuanza nyingine. Seti nzima ya rangi, kutoka nyekundu mpaka nyekundu inaporudi, nitaiita mfuatano. Mfuatano mmoja hujirudia tangu mwanzo wa donge hadi mwisho.

Dukani, vuta mita moja au mbili kutoka kwenye donge, kwa ruhusa ya mwenye duka. Ikiwa rangi imebadilika mara tatu au nne katika mita hizo mbili, hilo ni donge la madoa, hata lebo yake iwe na picha gani.

Viwandani kuna njia mbalimbali za kuupaka uzi rangi kwa vipande virefu. Mojawapo ni kuufuma uzi mweupe kwa mashine uwe kitambaa cha muda, kukichapa rangi, kukipitisha kwenye mvuke ili rangi ishike, kisha kukifumua kirudi kuwa uzi. Warangishaji wa mkono huuzungusha uzi kwenye mzingo mkubwa wa mita nyingi, wakaugawa mzingo huo sehemu sehemu, na kutumbukiza kila sehemu kwenye chungu chake. Njia hii ya pili unaweza kuifanya nyumbani, na nitairudia mbele.

Kabla ya uzi huu, mistari ilikuwa na gharama yake. Mwaka 1974 watengenezaji wa tamthilia ya televisheni ya Uingereza, Doctor Who, walitaka skafu kwa ajili ya mwigizaji Tom Baker. Mbunifu wa mavazi James Acheson alimpelekea mfumaji Begonia Pope nyuzi za rangi nyingi ili achague zinazofaa. Mama huyo akazifuma zote, na skafu ikatoka ndefu ya kuburuzika chini. Ikapendwa hivyohivyo, ikawa moja ya skafu maarufu kuliko zote duniani. Lakini kila rangi mpya katika skafu ya namna ile inaacha ncha mbili za uzi za kuficha kwa sindano ya kushonea. Skafu yenye mistari 105, kama tutakayoipigia hesabu hivi punde, ingekuwa na ncha 210. Uzi wa mistari unakuachia mbili tu: ya mwanzo na ya mwisho.

Upana ndio unaoamua

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii. Unene wa mstari hauamuliwi na uzi peke yake. Huamuliwa na upana wa kitu unachofuma.

Tuweke maneno mawili sawa kwanza. Kitanzi ni kile kijiduara kimoja cha uzi kinachokaa kwenye sindano. Kitambaa cha kufuma ni vitanzi vilivyoshikana. Safu ni vitanzi vyote unavyovifuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kabla ya kugeuza kazi. Kila kitanzi hula uzi kidogo, na safu nzima hula jumla ya vitanzi vyake.

Sasa tuchukue uzi ambao kila rangi yake ina mita 6. Aliyeupanga alikuwa akifikiria mguu. Soksi ya mtu mzima huwa na vitanzi 64 hivi kwenye mzunguko mmoja. Kwa sindano za milimita 2.5, mzunguko huo hula kama sentimita 68 za uzi. Mita 6 zitatoa mizunguko karibu 9, ambayo ni mstari wa sentimita 2. Huo ndio mstari uliopigwa picha ukawekwa kwenye lebo.

Chukua donge lilelile ufume skafu kwa sindano za milimita 3.5, vitanzi 24 vikiwa sawa na sentimita 10:

- Vitanzi 24, upana wa sentimita 10: safu inakula sentimita 31 za uzi. Mita 6 zinatoa safu 19. Mstari una unene wa sentimita 4.
- Vitanzi 48, upana wa sentimita 20: safu inakula sentimita 62. Unapata safu karibu 10. Mstari una sentimita 2.
- Vitanzi 72, upana wa sentimita 30: safu inakula sentimita 93. Unapata safu 6 na nusu. Mstari hauzidi sentimita 1.4.
- Vitanzi 300, ukifuma skafu kwa urefu wake badala ya upana: safu moja inakula karibu mita 4. Rangi inaisha kabla hujamaliza safu ya pili. Hakuna mstari tena, kuna michirizi.

Zidisha upana kwa unene katika tatu za kwanza. Kumi mara nne ni 40. Ishirini mara mbili ni 40. Thelathini mara 1.35 ni 40 na kitu. Mita 6 za uzi, kwa sindano na mkono uleule, zinafunika sentimita za mraba 40 tu, basi. Ni donge la unga wa chapati: ukilisukuma likawa pana, litakuwa jembamba, na unga ni uleule.

Ukilielewa hilo, mafumbo mengi yanafunguka. Mtandio wa pembetatu unaoanzia kwenye ncha huwa na mistari minene mwanzoni na myembamba mwishoni, kwa sababu safu zinazidi kurefuka. Kofia na soksi za mtoto mchanga zilizofumwa kwa donge moja hazifanani mistari. Na yule aliyefuma skafu pana ya vitanzi 90 akitamani mistari ya kwenye picha hakukosea kufuma. Alichagua upana ambao uzi wake haukupangiwa.

Mfumaji wa kikoi anaijua mistari kwa namna nyingine. Yeye hupanga nyuzi za rangi kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kuanza, na mistari hukimbia kwa urefu wa kitambaa bila kubadilika unene. Katika skafu yetu mistari hukatiza, na wewe ndiye unayeipa unene pale unapochagua idadi ya vitanzi.

Kwa hiyo kanuni ya kupata mstari wa kwenye lebo ni hii: hakikisha safu moja ya skafu yako inakula uzi karibu sawa na mzunguko mmoja wa soksi, yaani sentimita 60 hadi 70. Kwa sindano za milimita 3.5, vitanzi 48 vinatosha. Ndiyo sababu naipendekeza skafu ya sentimita 20 kwa anayeanza, wala si kwa sababu ya mtindo.

Pima mkono wako

Namba nilizotoa ni za mkono wa wastani. Kuna anayekaza uzi na kuna anayelegeza, na tofauti yao ni kubwa. Ukitaka kujua mkono wako, fuma kipande cha majaribio cha vitanzi 30 na safu 20, kisha vuta mita 5 za uzi kutoka kwenye sindano na ufunge alama, kijiuzi cha rangi nyingine. Fuma mpaka alama ifike kwenye sindano, ukihesabu vitanzi. Gawa sentimita 500 kwa idadi hiyo. Ukipata 1.3, kila kitanzi chako kinakula sentimita 1.3, na unaweza kukisia safu ya upana wowote.

Mizani ya jikoni ya kidijitali nayo inasaidia. Mita 420 kwenye gramu 100 ni mita 4.2 kwa kila gramu. Pima donge, fuma safu 50, pima tena. Kama limepungua gramu 7 na nusu, umetumia mita 31 na nusu, yaani sentimita 63 kwa safu. Usipime baada ya safu chache tu, kwa kuwa mizani ya jikoni haioni nusu gramu vizuri.

Urefu wa rangi upime kwa kuunyoosha uzi pembeni mwa meza bila kuuvuta.

*Kwa ufupi: rangi moja ina eneo lake, nalo halibadiliki. Upana ukiongezeka, mstari unapungua unene. Kabla ya kuchagua upana, jua rangi yako ina mita ngapi na safu yako inakula sentimita ngapi.*

Skafu yenyewe

Unahitaji:

- donge moja la uzi wa mistari, gramu 100;
- sindano za kufumia za milimita 3.5;
- sindano ya kushonea yenye tundu pana na ncha butu;
- futi kamba.

Anzisha vitanzi 48. Fuma kila safu kwa kitanzi cha mbele, yaani kile cha kawaida ambacho kila mtu hujifunza kwanza, kwenda na kurudi. Kitanzi cha kwanza cha kila safu usikifume. Kihamishe tu kutoka sindano hii kwenda nyingine, uzi ukiwa mbele, kisha upeleke uzi nyuma na uendelee. Ukingo utatoka kama mnyororo ulionyooka.

Mbona mtindo rahisi namna hiyo? Ni kwa sababu ule mwingine, unaofuma mbele safu hii na nyuma safu ifuatayo, hujikunja. Uso wake wa mbele na wa nyuma havivutani sawa, na skafu nzima hujiviringisha kama mrija, mistari ikafichwa ndani. Skafu yenye kitanzi cha mbele kila safu hulala bapa, na pande zake mbili hufanana. Mtindo wa mkono wa sweta, kitanzi kimoja mbele na kimoja nyuma, nao haujikunji na ni mzuri, ila huvutika kwa ndani na skafu huonekana nyembamba kuliko ilivyo.

Rangi mpya haitakusubiri ufike ukingoni. Itaanza katikati ya safu, popote inapotaka, na mahali pengine mpaka wa rangi mbili utakuwa umenyooka, pengine utakuwa na nukta nukta. Wapo wanaokata uzi na kuunga upya ili kila rangi ianzie ukingoni. Siwashauri. Ule mpaka unaotangatanga ndio alama ya kwamba mistari imetoka kwenye uzi, na kukata kunarudisha zile ncha tulizoziepuka.

Donge zima litakupa safu 650 na zaidi, ambazo katika mtindo huu, safu 48 zikiwa sentimita 10, ni skafu ya karibu sentimita 140. Ni vitanzi zaidi ya 30,000. Mwenye kasi ya vitanzi 30 kwa dakika ana saa 17 au 18 za kazi. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa za jioni, na mtu asikudanganye kuwa ni ya siku mbili.

Ukiona sentimita 140 ni fupi, usikimbilie donge la pili. Punguza vitanzi viwe 38. Upana utashuka hadi sentimita 16, urefu utapanda kupita 170, na mistari itanenepa kufikia sentimita 2 na nusu. Kwangu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kwa shingo ya mwanamume anayetoka alfajiri Njombe au Limuru mwezi wa saba.

Acha angalau mita 2 za kufunga vitanzi mwishoni. Funga kwa mkono uliolegea, vinginevyo mwisho wa skafu utabana kuliko mwanzo wake.

Mambo matatu yanayovuruga mpangilio

*Fundo ndani ya donge.* Uzi wa kiwandani mara nyingine hukatika na kuungwa, na aliyeunga hakujali rangi. Unatoka nyekundu, unatazamia buluu, inakuja manjano. Ukilikuta fundo, likate. Zungusha uzi pembeni mpaka ufike mahali palepale pa mfuatano ulipokatikia, halafu unga hapo. Utapoteza mita kadhaa, lakini mpangilio utabaki.

*Mwelekeo.* Mfuatano unaokwenda nyekundu, buluu, manjano ukivutwa kutoka ndani ya donge, utakwenda manjano, buluu, nyekundu ukivutwa kutoka nje. Ukitumia madonge mawili, hakikisha yote yanasoma upande mmoja. Na nunua yote siku moja, yenye namba moja ya kundi la rangi kwenye lebo, maana kundi moja la upakaji halifanani kabisa na jingine.

*Kuunga kwa mate.* Wafumaji wa sufu hulowesha ncha mbili na kuzisugua viganjani hadi zishikane. Kwa uzi wa soksi haifanyi kazi, kwa sababu magamba yanayoshikana yamekwisha kufunikwa. Fuma vitanzi sita au saba kwa ncha zote mbili pamoja, kisha endelea na ule mpya.

Madonge mawili, mistari ndani ya mistari

Kampuni ya Noro ya Japani inajulikana kwa nyuzi zake zinazobadilika rangi polepole na bila kutabirika. Mbunifu wa Marekani Jared Flood alisababisha wafumaji wengi kuzifuma kwa namna moja: chukua madonge mawili yenye mifuatano tofauti, fuma safu mbili kwa la kwanza, safu mbili kwa la pili, rudia. Mistari inakuwa ya safu mbili mbili, sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho, lakini rangi zake zinabadilika zenyewe, kila donge kwa wakati wake. Uzi unaopumzika hupandishwa pembeni mwa ukingo bila kukatwa.

Njia hii inaitoa skafu kwenye utawala wa upana. Unene wa mstari unaamua wewe, uzi unaamua rangi tu. Kwa mtu anayetaka skafu pana, ndiyo ninayomshauri.

Ukitaka kupaka rangi mwenyewe

Kwetu uzi mwingi wa madukani ni akriliki, uzi wa kiwandani usiotoka kwa mnyama. Huo haushiki rangi za sufu. Ukitilia shaka uzi ulioununua, choma ncha yake kwa uangalifu: sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizimia yenyewe, akriliki huyeyuka na kuacha kijipunje kigumu. Uzi wa soksi wenye nailoni hunuka nywele na pia huacha kijipunje kidogo.

Wanaofanya batiki nao wanahitaji onyo. Kostiki inayotumika kupaka pamba huila sufu, na ikiwa kali huiyeyusha kabisa. Sufu na nailoni hutaka rangi za asidi, ambazo hushika kwa siki na joto.

Simika viti viwili vizito vyenye umbali wa mita 6 kati yao na uzungushe uzi mweupe. Kila mzunguko una mita 12. Mizunguko 35 inamaliza donge la mita 420. Funga mzingo huo mahali pengi kwa kamba iliyolegea usivurugike, kisha ugawe sehemu tatu za mita 4 kila moja. Loweka uzi kwenye maji ya vuguvugu yenye siki kwa nusu saa. Andaa sufuria tatu za rangi ambazo hazitapikiwa chakula tena, tumbukiza kila sehemu kwenye yake, na ziweke kwenye moto mdogo, maji yakaribie kuchemka bila kuchemka, mpaka maji yawe yamebaki karibu meupe na rangi yote imeingia kwenye uzi. Acha yapoe yenyewe. Sufu iliyotolewa kwenye maji ya moto na kutiwa ghafla kwenye ya baridi hushtuka, na hata ile iliyotibiwa si ya kuchezewa hivyo.

Sasa hesabu. Mita 4 kwa safu ya sentimita 62 ni safu 6 na nusu, mstari wa sentimita 1.35. Rangi tatu ni mfuatano wa sentimita 4. Mifuatano 35 ni sentimita 140 na mistari 105. Unajua skafu nzima kabla hujafuma kitanzi kimoja. Ukitaka mistari ya sentimita 2, sogeza viti vifike mita 9.

Kuosha na kutunza

Skafu mpya iloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, peke yake, kwa kuwa nyekundu na buluu iliyokolea huweza kutoa rangi mara ya kwanza. Usiinyonge. Ikunje ndani ya taulo, ikamue kwa kuikanyaga, halafu ilaze bapa kivulini na uinyooshe kwa mikono. Usiianike kwenye kamba ikiwa imeloa: sufu iliyotibiwa hurefuka sana ikibeba maji, na skafu itavutika vibaya kwa uzito wake yenyewe.

Ikikauka, ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Wadudu wa nondo hula sufu, na skafu iliyovaliwa bila kufuliwa ndiyo wanayoipenda zaidi. Kabla hujaanza kufuma, kata mfuatano mmoja kamili, mita 12 kwa uzi wetu wa viti viwili, gramu 3 tu, uuzungushie lebo na uuweke katika mfuko huohuo. Msumari wa mlangoni ukiikwaruza skafu, utakuwa na kila rangi ya kuzibia.